Giaboksi Haisemi, Ila Hulipiza

MJOMBA wangu anakaa Morogoro. Alipostaafu, sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake aliitia katika pikapu moja ya mtumba kutoka Japani, yenye gia za otomatiki. Pikapu hiyo ndiyo shamba lake na ndiyo duka lake. Mara tatu kwa wiki hupanda milima ya Uluguru mpaka Mgeta, hupakia kabichi, karoti na njegere, kisha huteremka nazo hadi sokoni mjini. Karo na sare za wajukuu wake wawili hutoka humo.

Nilipomtembelea safari hii nilimkuta hana raha.

"Mjomba," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina hilohilo, "gari hili limeanza visa. Nikitia gia ya kuondokea, linasita kidogo kama mtu anayetafuta jibu, ndipo linakwenda. Mlimani injini inanguruma, lakini mwendo hauongezeki."

Tulikwenda kwa fundi. Kijana yule hakushika spana. Aliuliza kwanza: "Mzee, oili ya giaboksi ulibadilisha lini?"

Mjomba alitazama chini. Oili ya injini huibadilisha kwa wakati wake, na jambo hilo hujivunia mbele za watu. Oili ya giaboksi hakuigusa tangu aliponunua gari, miaka minne iliyopita. Aliyemwuzia alimhakikishia kwamba oili hiyo ni ya maisha.

"Ya maisha ya nani, Mzee?" fundi aliuliza kwa upole. "Giaboksi ikifa, na oili imemaliza maisha yake. Mwenye gari ndiye anayebaki."

OILI HIYO HUFANYA NINI?

Watu wengi hudhani kwamba oili ya giaboksi hulainisha vyuma tu. Katika gari la gia za kawaida, dhana hiyo haiko mbali sana na kweli. Katika gia za otomatiki mambo ni mengine kabisa.

Chukua mapangaboi mawili, uyaelekeze uso kwa uso, kisha uwashe moja. Upepo wa lile lililowashwa utalizungusha la pili. Ndivyo nguvu ya injini inavyoingia katika giaboksi ya otomatiki, ila mahali pa upepo pana oili. Pampu huisukuma oili hiyohiyo kwa nguvu katika vijia vyembamba, nayo hubana sahani za klachi ili gia zibadilike bila mguu wa dereva. Kisha huchukua joto na kwenda kulipoza, mara nyingi kwenye rejeta. Kwa hiyo oili ndiyo damu, na ndiyo misuli.

Gia za namna hii si jambo la jana. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuziuza mwaka 1939, katika magari ya Oldsmobile ya toleo la 1940. Oili yake nayo imekuwa ikichaguliwa kwa uangalifu tangu zamani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, baadhi ya oili hizo zilitiwa mafuta ya nyangumi ili klachi zishike kwa ulaini. Leo kila kiwanda hutaja aina ya oili kinayoitaka. Anayetia aina yoyote aliyoikuta dukani anacheza kamari na giaboksi yake.

Adui mkubwa wa oili hiyo ni joto. Gari linalopanda mlima na mzigo mzito huichosha upesi kuliko gari la mtu anayekwenda ofisini na kurudi. Vitabu vingi vya magari hutaja kuibadilisha baina ya kilomita 40,000 na 100,000. Mwenye kubeba mizigo na ashike kipimo cha chini.

CHINI YA GARI

Fundi aliliendesha gari kidogo ili oili ipate moto na kuchukua uchafu wake, kisha akaliacha lipoe kiasi, kwani oili ya moto huunguza vibaya. Aliziba magurudumu kwa mawe, akaliinua kwa jeki, akaweka stendi za chuma. "Jeki ni ya kuinulia," alisema. "Si ya kulalia chini yake." Maneno hayo yanafaa kubandikwa katika kila gereji.

Alifungua nati ya chini, akakinga oili katika karai. Oili mpya ya namna ile huwa nyekundu na angavu. Hii ilikuwa ya hudhurungi, kama chai ya rangi iliyokaa jikoni tangu jana. Fundi aliinusa: haikuwa na harufu kali ya kuungua. Kama ingekuwa imechanganyika na kufanana na maziwa, hiyo ingekuwa ishara kwamba maji yameingia, na gari lisingefaa kuendeshwa tena mpaka chanzo kijulikane.

Kisha aliteremsha sampu, yaani lile bakuli la chini. Ndani yake mna sumaku ndogo za kunasa chembe za chuma. Mjomba aliinama, akitazama kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Sumaku zilikuwa na uji laini wa kijivu. "Huu ni uchakavu wa kawaida," fundi alisema. "Ningeona vipande vya chuma, Mzee, ningekuambia usitupe fedha zako kwenye oili. Ingebidi giaboksi ifunguliwe yote."

Chujio, au filta kama mafundi waitavyo, lilikuwa limeziba kwa tope jeusi. Pampu iliyonyimwa oili huchelewa kubana klachi, na hapo ndipo gari husita. Chujio la wavu wa chuma huweza kuoshwa na kukaushwa, lakini lile lenye kitambaa kizito ndani halioshwi. Hutupwa na kuwekwa jipya. Fundi aliosha sampu na sumaku bila kutumia tambara la kutoa nyuzi, kwa sababu uzi mmoja waweza kuziba kijia. Alibandua gasketi kuukuu yote, akaweka mpya, akakaza bolti kidogo kidogo kwa kupishanisha pande. Bolti hizo ni ndogo, na anayezikaza kwa hasira huharibu nyuzi zake.

KIPIMO

Oili iliyotoka ilipimwa kwa chupa: lita nne kasoro kidogo. Kiasi hicho hicho cha oili mpya kilirudishwa. Kisha gari liliwashwa kwenye ardhi tambarare, mkono wa gia ukapitishwa katika nafasi zote na kurudishwa kwenye maegesho, na kijiti cha kupimia kikachomolewa injini ikiwa inanguruma na ina moto. Magari mengi mapya hayana kijiti. Hupimwa kwa nati maalumu, oili ikiwa na joto lililotajwa kitabuni. Ikipungua, pampu huvuta hewa. Ikizidi, hupigwa mpaka ikafanya povu. Yote mawili ni madhara.

Lakini kazi haikwisha siku hiyo. Zaidi ya nusu ya oili kuukuu hubaki ndani, mahali ambapo sampu haifiki. Baada ya majuma mawili mjomba alirudi, akamwaga tena na kujaza upya. Gari sasa halisiti linapoondoka. Mlimani bado si kama zamani, na fundi hakumdanganya: klachi zilizokwisha kulika hazirudishwi na oili. Mjomba amepunguza magunia mawili katika kila safari.

Oili chafu waliitia katika dumu lenye kifuniko, wakampa mnunuzi wa oili chakavu. Hawakuimwaga mtaroni, kwani maji ya mtaro huishia mtoni, na wako watu wanaoyachota huko.

Jioni ile mjukuu wa kike alipewa daftari. Aliandika tarehe, kilomita na aina ya oili, kisha akamwuliza babu yake safari ijayo itakuwa lini.

"Wewe ndiye utakayenikumbusha," mzee alimjibu. "Karo yako imo humo."