Usifute Kabla Hujanakili: Yaliyomo Ndani ya Chipu ya Modemu



Juzi baada ya Swala ya Isha, mpwa wangu alinijia na sanduku dogo jeusi kwapani. Ni modemu ya kebo, chombo cha kupokea intaneti kupitia waya mnene kama ule wa TV. Mama yake mdogo alikuja nayo kutoka Marekani, imefungwa katikati ya nguo na vyombo. Kijana mmoja wa dukani alikuwa amemwambia, "Nipe elfu 3 niiflashi, upate intaneti ya bure maisha."

"Mjomba, yawezekana?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba hayo ni maswali mawili. Chipu ya modemu husomwa na huandikwa upya, hilo halina ubishi. Lakini intaneti ya bure ni jambo jingine. Kwa kuwa vyombo kama hivi vinazidi kuingia majumbani mwetu, na vijana wetu wengi wanajifunza ufundi kwa kubahatisha, nimeona bora nilieleze suala hili hapa.

Tuanze na chipu yenyewe. Kumbukumbu ya flashi ilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa kampuni ya Toshiba miaka ya 1980. Sifa yake kubwa ni kwamba hukumbuka hata umeme ukikatika. Ukiifungua modemu, katika nyingi utaona kidude cheusi chenye miguu 8, minne kila upande, na nukta ndogo kwenye kona. Nukta hiyo inaonyesha mguu wa kwanza. Juu yake pameandikwa namba, kwa mfano 25Q64. Hiyo 64 ni megabiti, si megabaiti. Gawa kwa 8 na utapata megabaiti 8. Wengi hukosea hapo mwanzoni kabisa.

Ndani ya megabaiti hizo kuna vyumba. Cha kwanza ni programu ya kuamshia, inayofanya kazi pindi umeme unapoingia. Cha pili ni programu kuu inayoendesha chombo, na mara nyingi huwa na nakala mbili ili moja ikiharibika nyingine ishike kazi. Halafu, katika modemu nyingi, kuna vyumba viwili vya kumbukumbu za chombo. Kimoja ni cha mambo yanayobadilika, kama jina na neno la siri la Wi-Fi. Kingine ni cha mambo ya kudumu yaliyotiwa kiwandani: namba ya MAC yenye tarakimu na herufi 12, ile iliyobandikwa chini ya sanduku, pamoja na cheti cha kidijitali na ufunguo wake wa siri. Chumba hicho cha mwisho ndicho kitambulisho cha modemu. Hakuna nyingine duniani inayotakiwa kuwa na kitambulisho hichohicho.

Namna ya kusoma ni hii. Fundi huzima modemu, hungoja ipoe, kisha hushika miguu 8 ya chipu kwa kibanio maalumu. Kibanio huungwa kwenye kisomaji kidogo cha USB, na kisomaji kwenye kompyuta. Programu ya bure inayoitwa flashrom hutumiwa na wengi. Jambo la kwanza ambalo kompyuta hufanya ni kuiuliza chipu, "Wewe nani?" nayo hujibu kwa namba ya mtengenezaji na ya ukubwa wake. Jibu likija sawa, kazi inaanza.

Hapa pana mitego mitatu. Wa kwanza ni umeme. Chipu nyingi za aina hii hutumia volti 3.3, lakini kisomaji cha bei rahisi kinachoitwa CH341A, hasa kile chenye bodi nyeusi, kinajulikana kwa kutoa volti 5 kwenye njia za data. Pima kwanza kwa mita kabla hujagusa. Wa pili ni kwamba umeme wa kisomaji hupenya hadi kwenye bodi nzima na kuuamsha ubongo mkuu wa modemu. Nao huanza kuzungumza na chipu wakati ule ule unapozungumza nayo wewe. Ni kama watu wawili kumsemesha mzee mmoja kwa pamoja: majibu hutoka yamechanganyika. Ikitokea hivyo, hakuna budi kuinyanyua chipu kwa hewa moto na kuisomea nje ya bodi. Wa tatu ni kibanio kisichoshika vizuri. Ukisoma ukakuta faili lote limejaa FF au limejaa sufuri tangu mwanzo hadi mwisho, usidhani chipu ni tupu. Bana upya.

Kwa sababu ya mitego hiyo, fundi mwenye akili husoma mara mbili au tatu, kisha hulinganisha. Mafaili yakifanana baiti kwa baiti, na kila moja likiwa na baiti 8,388,608 kwa chipu ya megabaiti 8, hapo ndipo unaweza kusema una nakala. Mali bila daftari huisha bila habari. Iweke nakala hiyo mahali pawili.

Kuandika ni kazi nyingine. Chipu hii haiandikwi juu ya maandishi ya zamani kama ubao. Kwanza lazima ifutwe kwa vipande, kipande kidogo kwa kawaida kilobaiti 4, na ikifutwa kila biti huwa 1. Kuandika ni kugeuza baadhi ya hizo 1 ziwe 0, kurasa za baiti 256 kwa wakati mmoja. Ukitaka kuirudisha 0 iwe 1, sharti ufute kipande kizima. Kila kufuta kunaichosha chipu kidogo, ingawa watengenezaji wengi huihesabia mara 100,000. Ukimaliza kuandika, soma tena uhakikishe.

Nalisema hili kwa uchungu, maana mimi mwenyewe nilipokuwa nimetoka chuoni na diploma yangu mpya, nilifuta chipu ya kifaa cha mteja bila kunakili. Nilikuwa na programu ya kifaa cha aina ile ile, nikadhani yatosha. Nikaiandika, kifaa kikawaka, lakini hakikukubalika tena kwenye mtandao wake. Kitambulisho chake nilikuwa nimekifuta kwa mkono wangu, na kiwanda hakikitoi mara ya pili. Nilimlipa yule mzee kwa mafungu, miezi mitatu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa turudi kwenye "intaneti ya bure". Kasi ya modemu ya kebo haiko ndani ya chipu. Kila modemu inapowashwa hutafuta mawimbi kwenye waya, hujitambulisha kwa namba yake, kisha kampuni huipelekea faili dogo lenye maagizo, na kasi uliyolipia imeandikwa humo. Modemu ambayo kampuni haijaisajili hubaki nje ya mlango. Kwa hivyo anayekuahidi ya bure ana njia moja kati ya mbili: kuweka programu iliyochezewa ili idanganye juu ya faili hilo, au kunakili kitambulisho cha modemu ya mteja mwengine anayelipa. Tuuite kwa jina lake: wizi.

Wamarekani wameshalipitia hili. Ryan Harris, aliyejulikana kwa jina la DerEngel, aliandika mwaka 2006 kitabu kizima kuhusu kuchezea modemu za kebo, na alikuwa akiuza modemu zilizobadilishwa. Mwaka 2012 mahakama ya Boston ilimpata na hatia ya ulaghai, akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Hapa kwetu, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inampa anayeingia kwenye mfumo bila idhini faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Na kabla ya hakimu wa dunia, tunajua mali ya mtu bila ridhaa yake ina hukumu gani kwetu.

Lakini tusiuchome ufundi pamoja na wezi. Kusoma chipu ya chombo chako mwenyewe kuna kheri kubwa. Modemu iliyokufa kwa sababu programu iliharibika umeme ulipokatika yaweza kufufuliwa badala ya kutupwa jalalani. Usalama wetu pia unategemea watu wanaosoma programu hizi. Januari 2020 watafiti wa Denmark walitangaza hitilafu waliyoiita Cable Haunt kwenye modemu zenye chipu za Broadcom. Walikadiria kwamba modemu milioni 200 Ulaya peke yake zilikuwa hatarini kutekwa na mtu wa mbali. Kwa kutazama kasha, hitilafu ya namna hiyo huioni.

Na kuna somo kwa kila nyumba, hata isiyo na fundi. Unapouza au kugawa kifaa cha zamani, neno lako la siri limo ndani. Kirudishe kwenye hali ya kiwandani kwanza. Lakini ujue kwamba kwa baadhi ya vifaa maandishi ya zamani hubaki kwenye chipu mpaka kipande chake kifutwe kwa kweli, kwa hivyo ukishakiuza, badilisha pia neno la siri la Wi-Fi yako nyumbani.

Mpwa wangu hakutoa elfu 3 zake. Tuliifungua modemu pamoja mezani, tukatafuta nukta, tukapima volti, tukasoma mara tatu. Mara ya kwanza ilitoka FF tupu. Ya pili na ya tatu zikafanana. Alipoona namba ya MAC iliyobandikwa chini ya sanduku imejitokeza katikati ya tarakimu kwenye kioo cha kompyuta, alicheka kama mtoto. Haina mtandao wa kuiunganisha hapa, lakini amepata kitu cha kujifunzia, na kwa mikono iliyo safi.