Saba Si Lazima Izidi Tatu

Jina jema hung'aa gizani, walinena wahenga wetu. Sina ugomvi nao. Hata hivyo, yako majina yang'aayo hadi yakamtia mtu upofu, na mimi ni shahidi. Nilitiwa upofu na jina ilhali kazi inayonipa riziki ni kuwafundisha vijana wa chuo kikuu kwamba jina ni kitu kimoja na kinachotajwa ni kingine.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alikuwa amedunduliza fedha za vibarua vya likizo tatu ili ajinunulie tarakilishi ya kuchezea michezo ya video. Alipata mbili katika duka moja jijini Nairobi, bei zikikaribiana. Ya kwanza ilikuwa na prosesa, yaani ule ubongo wa mashine ufanyao hesabu, iitwayo Core i7-2600. Ya pili ilikuwa na Core i3-12100. Akanipigia simu: "Mjomba, wewe ndiwe msomi wetu. Nichukue ipi?" Sikuuliza swali hata moja. Nilimjibu kwamba saba ni zaidi ya tatu, basi achukue i7. Akanishukuru, akalipa.

Mchezo alioutamani ulijikokota kama matatu kuukuu inayopanda kutoka Mai Mahiu. Kijana hakunilaumu. Alisema kwa adabu kwamba labda mchezo wenyewe ulikuwa mzito. Adabu hiyo iliniuma kuliko lawama. Ndipo nilipoketi kuifanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kufungua kinywa.

Nilichogundua ni hiki. Katika majina ya Core ya miaka ile, tarakimu inayofuata herufi "i" hutaja daraja la prosesa miongoni mwa ndugu zake wa kizazi kimoja. Kizazi chenyewe kimefichwa mbele kidogo, baada ya kistari. Katika i7-2600, ile 2 ya mwanzo hueleza kwamba ni kizazi cha pili, na prosesa hiyo ilitoka mwaka wa 2011. Katika i3-12100, ile 12 hueleza kizazi cha kumi na mbili, kilichofika sokoni kwa prosesa hiyo mwaka wa 2022. Nilikuwa nimelinganisha kaka mkubwa wa ukoo wa kale na mdogo wa ukoo mpya, kisha nikatangaza kwamba mwenye cheo kikubwa ndiye mwenye nguvu.

La kushangaza ni kwamba hata vipimo vilivyoandikwa kando ya majina hayo havingeniokoa. Prosesa zote mbili zina viini vinne. Kasi ya msingi ya ile kongwe ni gigahezi 3.4, na ya ile changa ni 3.3. Mtu angeapa kwamba ni mapacha. Lakini kasi hiyo huhesabu mapigo tu. Haisemi ni kazi kiasi gani inayofanywa katika kila pigo. Wapagazi wawili wanaweza kupiga hatua sawa kwa dakika, mmoja akabeba gunia na mwingine kikapu. Katika miaka kumi na mmoja iliyotenganisha prosesa hizo, mzigo unaobebwa kwa kila pigo uliongezeka sana. Isitoshe, ile ya mwaka wa 2011 haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11.

Msomaji asidhani kwamba utata huu uko katika prosesa pekee. Kadi ya michoro, ambayo ndiyo huchora kila picha tuionayo mchezoni, nayo ina visa vyake. Mwaka wa 2017 kampuni ya Nvidia ilitoa kadi iitwayo GeForce GT 1030. Mwaka uliofuata ikatoa nyingine kwa jina lilo hilo, ila kumbukumbu yake ilikuwa ya aina ya polepole, ikipitisha data takriban theluthi moja tu ya ile ya kwanza kwa sekunde. Septemba 2022 kampuni hiyo ilitangaza kadi mbili kwa jina moja la RTX 4080, moja yenye gigabaiti 16 za kumbukumbu na nyingine yenye 12. Mnunuzi angedhani tofauti ni kumbukumbu tu, kumbe hata viini vya kukokotoa havikulingana: 9,728 kwa 7,680. Malalamiko yalipozidi, kampuni iliiondoa ile ndogo mwezi wa Oktoba, na Januari 2023 ikauzwa kwa jina jingine, RTX 4070 Ti. Mashine haikubadilika; kilichobadilika ni jina.

Basi mtu achague vipi? Mimi nilipata mwanga katika somo ninalolifahamu, la upatanisho wa kisarufi. Neno huwa sahihi au kosa kulingana na majirani zake katika sentensi. "Imevunjika" ni neno safi, lakini ukiliweka baada ya "kiti" umeharibu usemi. Vivyo hivyo, hakuna sehemu ya tarakilishi iliyo nzuri peke yake. Kuna iliyo nzuri kwa kazi fulani, pamoja na wenzake fulani.

Kwa hiyo uteuzi hauna budi kuanzia kwenye kazi, na kazi huonekana kwenye skrini. Skrini ya kawaida yenye pikseli 1,920 kwa 1,080 ina nukta zaidi kidogo ya milioni mbili. Ile iitwayo 4K ina zaidi ya milioni nane, mara nne kamili, na kadi ya michoro hulazimika kuzipaka rangi zote kwa kila picha. Tena skrini ya hezi 60 huonyesha picha mpya mara 60 kwa sekunde, na ya hezi 144 mara 144. Anayenunua kadi ya bei ghali kisha akaiunganisha na skrini kongwe ya hezi 60 amelipia picha ambazo macho yake hayatapata kuziona. Naye anayenunua skrini ya 4K kwa kadi dhaifu ameagiza karamu ilhali jikoni kuna jiko moja la makaa.

Skrini ikishajulikana, kadi ya michoro hufuata, kisha prosesa itakayoweza kuilisha kadi hiyo bila kuichelewesha. Prosesa nayo hudai ubao mkuu wenye soketi inayoikubali, na ubao hudai kumbukumbu ya aina yake. Vipande vya DDR4 haviingii katika nafasi za DDR5. Pengo la chini lilikatwa mahali tofauti makusudi. Hata wingi wa kumbukumbu una adabu yake: katika bao nyingi za kawaida, vipande viwili vya gigabaiti nane hupitisha data kwa njia mbili sambamba, na aghalabu huipa prosesa nafuu kuliko kipande kimoja cha kumi na sita.

Sehemu inayodharauliwa zaidi ni ile inayogawa umeme, ambayo mafundi huiita pawasaplai. Haina sifa mtaani kwa kuwa haiongezi picha hata moja. Lakini ndiyo moyo wa mwili mzima, na ikifa vibaya huweza kuondoka na wengine. Kadi kama RTX 4060 ya mwaka wa 2023 hutumia wati 115, lakini watengenezaji hupendekeza pawasaplai ya wati 550 kwa mashine nzima, kwa sababu prosesa na sehemu nyingine nazo zataka fungu lao na lazima ibaki akiba. Hapa tena jina hupotosha. Nembo ya 80 PLUS hueleza ni sehemu gani ya umeme isiyopotea kuwa joto. Haiahidi kwamba vifaa vyako vitakingwa umeme unapokatika na kurejea kwa kishindo, jambo tulilolizoea sana hapa kwetu.

Baada ya upatanisho hubaki upimaji. Walimu wenzangu watanielewa upesi. Darasa linaweza kupata wastani mzuri katika mtihani huku wanafunzi watano wakizama kabisa, na mwalimu anayesoma wastani pekee hatawaona. Michezo ya video hupimwa kwa idadi ya picha zichorwazo kila sekunde, na wauzaji hupenda kutaja wastani. Tuseme mashine ina wastani wa picha 90, lakini katika nyakati zake mbaya zaidi huanguka hadi 25. Mchezaji hataikumbuka ile tisini. Atakumbuka kwamba mashine iliganda adui alipotokea. Tafuta basi vipimo vinavyotaja pia zile picha za polepole zaidi, vilivyofanywa na mtu asiyeuza kifaa chenyewe, kwa mchezo uleule unaokusudia kuucheza na kwa skrini kama yako.

Huenda mwalimu mmoja akauliza: haya ya michezo yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu majina hayahaya ndiyo yanayoandikwa katika hati za kununulia tarakilishi za shule. Kamati ikiandika tu kwamba yataka "mashine za i5", imeandika sentensi isiyo na maana kamili. Muuzaji ataweza kuleta za mwaka wa 2012, na hatakuwa amevunja ahadi. Andikeni jina lote hadi tarakimu ya mwisho, aina ya kumbukumbu na wingi wake, aina ya diski, na kazi ambayo mashine itatakiwa kuifanya mbele yenu kabla ya kulipwa.

Mimi na mpwa wangu tulianza upya. Nilichangia nusu ya gharama, kwa kuwa kosa lilikuwa langu, na mara hii tulinunua sehemu mojamoja. Dukani sikuchagua chochote. Nilikaa kando nikimsikiliza akimuuliza muuzaji maswali ambayo mimi sikuyauliza siku ile: ni ya kizazi kipi, itakaa na nani, itafanya kazi gani, na nani ameipima? Muuzaji alipomwambia, "Chukua hii, ni kubwa," kijana alitabasamu, akauliza, "Kubwa kuliko ipi?"