Je, wajua? Chokaa ya ukutani ni jiwe lililokwenda likarudi

Fundi anayeijua kazi ya chokaa huumwagia maji ukuta anaotaka uwe mgumu. Akishapiga lipu asubuhi, jua likianza kuwaka hutundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, na jioni hurudi kuunyunyizia tena. Mwenye nyumba akiuliza utakauka lini, anauliza swali lisilohusu. Ukikauka haraka, lipu itapukutika kama unga ukiigusa kwa kidole. Fundi anataka ushike, na kushika si kukauka.

Kukauka ni maji kuondoka, basi. Katika mashamba ya chumvi ya pwani, bahari huingizwa kwenye vitalu, jua likanyonya maji, chumvi ikabaki chini. Chumvi ile ilikuwamo tangu mwanzo. Itie tena majini, itayeyuka na maji yatakuwa ya chumvi kama awali. Hakuna kitu kipya kilichozaliwa. Hilo ndilo badiliko la umbo. Kushika kwa chokaa ni badiliko la kikemikali: kilichopakwa asubuhi na kitakachokuwapo ukutani baada ya miezi ni vitu viwili tofauti, hata kama vyote ni vyeupe.

Safari yake inaanzia kwenye matumbawe. Viumbe wadogo wa baharini huchukua madini yaliyomo majini na kujijengea makazi ya kalsiamu kabonati, na kwa mawe hayo zilijengwa Lamu, Gede, Mji Mkongwe wa Unguja na Kilwa Kisiwani. Mawe ya kuta yalichimbwa nchi kavu, kwenye miamba iliyowahi kuwa chini ya bahari. Ya nakshi, kama yale ya mihirabu, yalikatwa yangali mabichi baharini, kwa sababu tumbawe bichi la aina fulani ni laini na huchongeka kwa urahisi, kisha hukakamaa likikauka. Kuvunja, kuchonga, kukausha: hapo bado jiwe ni lilelile.

Mambo hubadilika kwenye tanuri. Kwa jadi ya pwani, magogo hupangwa kwa duara, vipande vya matumbawe vikarundikwa juu yake, na moto ukaachwa uwake usiku kucha. Joto likifika karibu nyuzi 900 za Selsiasi, jiwe huachia hewa ya kaboni dayoksaidi. Asubuhi ukilitazama utadhani halijaguswa: halikuyeyuka, halikugeuka majivu, kipande bado kina umbo la kipande. Jicho limeshindwa. Kiinue sasa. Kilo 100 za jiwe safi lililoungua sawasawa zimebaki kilo 56. Kilo 44 zimekwenda na upepo.

Aliyeifanya hesabu ya namna hii kuwa hoja ya kisayansi ni Joseph Black, daktari wa Scotland, katika maandishi yake ya 1756. Wengi wakati huo waliamini kwamba jiwe likichomwa huingiwa na kitu cha moto, na ndicho kinachoifanya chokaa iunguze ngozi. Black alitumia mizani. Akaonyesha kwamba hakuna kilichoingia; kuna hewa iliyotoka, hewa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Kwa maoni yangu mizani yake inafundisha zaidi kuliko orodha ya dalili tunayokaririshwa darasani: rangi kubadilika, mapovu kutoka, joto kuzuka, kitu kushindwa kurudi kilivyokuwa. Dalili hizo zina faida, lakini chokaa inazichezea zote.

Tuone inapozimwa. Ukiitia maji chokaa iliyotoka tanurini, huvimba, hupasuka, hufoka mvuke, na maji yanaweza kuchemka pasipo moto. (Ndiyo maana haichezewi. Ikiingia jichoni inaweza kupofusha.) Kilo zetu 56 zimekunywa kilo 18 za maji na kuwa kilo 74 za chokaa iliyozimwa, unga mweupe laini. Maji hayo hayakulowesha tu, yameungana na chokaa na kuwa sehemu yake. Lakini mvuke unaofuka juu ni maji ya kawaida yaliyochemshwa na joto hilo, kwa hiyo mvuke wenyewe ni badiliko la umbo lililopanda mgongoni mwa badiliko la kikemikali. Rangi nayo? Nyeupe, nyeupe, nyeupe tena.

Kinyume chake, badiliko la kushangaza macho laweza lisiwe la kikemikali: katika karne ya 19 majumba ya michezo ya kuigiza ya Ulaya yalimulikwa kwa kipande cha chokaa kilichopulizwa mwali mkali wa haidrojeni na oksijeni. Kiling'aa mwanga mweupe wa ajabu, lakini mng'ao wenyewe haukuigeuza chokaa kuwa kitu kingine. Mwali ukizimwa, ilibaki chokaa.

Sasa turudi ukutani. Katika kila sehemu 10,000 za hewa tunayovuta, kama sehemu nne ni kaboni dayoksaidi. Kiasi hicho kidogo ndicho chokaa inachongojea. Hewa hiyo huyeyuka kwanza katika unyevu uliomo kwenye lipu, ndipo ikutane na chokaa. Bila unyevu havikutani vizuri, na magunia ya fundi yamepata maelezo. Kilo 74 huchukua kilo 44 za hewa, hutoa kilo 18 za maji, na tunarudi kwenye 100 tulizoanza nazo. Ni kalsiamu kabonati tena, ingawa fuwele zake zimepangika tofauti na zile alizojenga mnyama wa tumbawe.

Kwa hiyo ile kanuni kwamba badiliko la kikemikali halirudi nyuma inavunjwa na nyumba nzima za pwani. Na mahindi ukiyasaga hayarudi kuwa punje, wakati kusaga ni badiliko la umbo tu.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, koroga chokaa kidogo iliyozimwa katika maji, iache ituame, uchote maji maangavu ya juu. Puliza ndani yake kwa mrija, bila kuvuta. Pumzi yako ina kaboni dayoksaidi, na maji yatageuka kama maziwa: huo ni unga wa jiwe jipya. Walaji wa tambuu wana jaribio lao la kila siku, maana wekundu wa mate yao hutokana na popoo kukutana na chokaa.

Ukutani kazi hiyo huenda polepole, kutoka nje kuelekea ndani. Watunza majengo ya kale wana njia ya kuipima: huvunja kipande cha lipu na kukidondoshea dawa ya maabara iitwayo fenolfthalini. Palipokwisha kuwa jiwe hapabadiliki rangi. Palipobaki chokaa hugeuka waridi iliyokolea. Kipande chenye ukingo mweupe na moyo wa waridi kinamwambia fundi asipake bado rangi ya mafuta, kwa kuwa itaziba vinyweleo vya ukuta na kuizuia hewa isifike ndani.