Kapteni Aliyeipamba Ndege ya Rais

Wako wadhanio kuwa ujuzi wa askari hufa siku anapovua sare. Tuwakumbushe habari za Raymond Loewy, mzaliwa wa Paris. Mwaka 1908, angali kijana, alishinda kombe la ndege za mfano. Akasomea uhandisi, akapigana Vita Kuu ya Kwanza hadi kufikia cheo cha kapteni. Mwaka 1919 alihamia New York, akajipatia riziki kwa kuchorea magazeti ya mitindo.

Mapenzi ya ndege hayakumtoka. Mwaka 1962 aliibunia rangi ndege ya Rais Kennedy: buluu na nyeupe, na jina la nchi kwa herufi kubwa zisomekazo kwa mbali. Ndege hiyo imehifadhiwa Dayton, Ohio.

Ndugu askari, sare huvuliwa, ujuzi haustaafu.