Koili Kubwa au Ndogo?

Koili, ile sahani iliyo mwisho wa mpini wa detekta ya metali, hutuma uga wa sumaku ardhini na kupokea mwitikio wa metali iliyofukiwa. Koili pana, ya inchi 15 au zaidi, hufika chini zaidi na kufagia eneo kubwa kwa kila mpito, lakini uga wake umetawanyika na punje ndogo hupita bila kusikika. Ya inchi 6 haifiki mbali. Nguvu yake imekusanyika mahali padogo, kwa hiyo husikia kipande chepesi kilicho karibu na uso wa ardhi na hutenganisha vizuri msumari na sarafu vilivyolala pamoja.

Kwa mtafuta dhahabu, wa Chunya au kwingineko, udongo wenyewe una neno. Udongo wenye madini mengi ya chuma huipigia mashine kelele, na kadiri koili inavyokuwa pana ndivyo inavyousikia udongo mwingi kwa wakati mmoja. Hapo koili ndogo huweza kugundua kitu kilicho chini zaidi kuliko kile ambacho koili kubwa ingekifikia, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitarajii.

Uzito nao usidharauliwe: koili kubwa huuchosha mkono, na mkono uliochoka huinua koili juu ya ardhi na kupoteza kina kilichokusudiwa.

Anayenunua koili moja tu achague ya inchi 11 hivi, na ahakikishe imetengenezwa kwa ajili ya modeli ya detekta yake.