Sura ya Nne: Saa za Maji

Kila ninapotaja likizo ya kutembea kwa miguu, jibu la mtaani kwetu Ziwani, Nairobi, ni moja. "Mwalimu, mimi nafika Industrial Area kwa miguu kila asubuhi, na jioni narudi kwa miguu. Sasa nilipe nauli mpaka Lamu nikatembee tena?"

Ni swali la haki, na vitabu vya utalii hulikwepa kwa sababu vinamwandikia mtu ambaye miguu yake kazi yake ni kumtoa mlangoni kumfikisha kwenye gari. Kutembea kwenda kibaruani ni mbio za kuwahi. Unakwepa mkokoteni, unaruka mtaro, bodaboda inakupigia honi mgongoni, na macho yako muda wote yako chini. Kisiwani unatoka nyumbani bila mzigo, hakuna msimamizi anayekungoja langoni, na ukitaka kusimama nusu saa kumtazama fundi akitia kalafati jahazi, unasimama. Tena mkazi wa Eastlands ana akiba asiyojua kama anayo: miguu iliyozoea kazi. Wanaotoka malengelenge siku ya kwanza ni wale walioshuka kwenye magari yao.

Halafu kuna vijana wa mtaa wanaoniuliza kama watatimiza hatua 10,000 kwa siku. Nambari hiyo haikutoka kwa daktari. Mwaka 1965 kampuni ya Yamasa ya Japani ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua, ikakibandika jina lenye hatua elfu kumi ndani yake, na jina la bidhaa likageuka kuwa amri ya afya dunia nzima. Kutembea kunajenga mwili, hilo halina ubishi, lakini mwili haungoji nambari hiyo ifike ndipo uanze kunufaika. Izime hiyo programu ya kuhesabu hatua uwapo Lamu.

Nilikusudia sura hii igawanyike sawasawa kati ya nyumba, njia na chakula. Nyumba haina maneno mengi. Kodini nyumba nzima, mkiwa watu wanne au sita wa kuchanga, Shela au Lamu mjini. Shela iko mwanzoni mwa ufuo. Mjini kuna soko, na kati ya hapo na hapo ni kilomita 3 hivi. Nyumba ina jiko, kwa hiyo mnapika wenyewe, mnaacha mizigo, mnatoka na maji ya kunywa na kofia, na jioni mnarudi kwenye vitanda vile vile. Vaeni kwa heshima, maana mnapita barazani kwa watu na mbele ya misikiti.

Njia kuu ni tatu. Ya kwanza ni ile ya kutoka mjini hadi Shela, ambayo hata mtoto anaiweza. Ya pili inakata kisiwa katikati, kwenye mashamba ya minazi na miembe, hadi Matondoni kwa waunda majahazi. Ya tatu inafuata ufuo kutoka Shela kuelekea Kipungani, takriban kilomita 12 za mchanga mtupu, na hii ndiyo inayowashinda wageni wa bara, kwa sababu wanaipanga kwa kilomita. Ufuo ule ule ni matembezi ya saa tatu maji yakiwa yamekupwa, na ni adhabu ya nusu siku yakiwa yamejaa.

Tofauti iko kwenye mchanga. Chembe kavu hazishikani, kila hatua inazama na kurudi nyuma. Chembe zilizojaa maji tele nazo huelea na kuteleza. Lakini mchanga ambao maji yameuacha punde umebaki na utando mwembamba wa maji kati ya chembe na chembe, na utando huo huzivuta pamoja hadi ukanda mzima unakuwa mgumu kama sakafu. Ukanda huo hufunguka maji yakikupwa, nawe unapaswa kuwa juu yake kabla haujafungwa tena.

Wakati wa kujaa kwa maji ndipo hadithi zinapoanza. Nimesikia mara nyingi kwamba bahari ilimgeuka fulani, au kwamba jini alimzibia njia ya kurudi, na husimuliwa na watu waliosoma hadi kidato cha nne na zaidi. Inanikera, kwa sababu mtu anayeamini jini hatajifunza ratiba, na ratiba ndiyo itakayomrudisha salama. Maji hayaji kwa ghafla. Huchukua saa sita na dakika chache kupanda, lakini hayapandi kwa mwendo mmoja. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, Lamu hupata tofauti ya karibu mita 3 kati ya kupwa na kujaa. Saa ya kwanza hupanda robo mita tu, ya pili nusu mita, ya tatu na ya nne robo tatu ya mita kila moja, kisha hupunguza kasi tena. Mgeni hutazama saa ya kwanza, akaona bahari imetulia, akajilaza. Anaamka saa ya nne.

Jirani yangu aliyekulia Mbita ananiambia ziwa lao halina mambo haya. Kweli, kwa jicho hayaonekani: Ziwa Victoria ni dogo mno kwa mwezi, na maji yake hupanda sentimita chache tu. Bahari Hindi ni jambo lingine. Mwezi huvuta maji yaliyo upande wake kwa nguvu kuliko unavyoivuta dunia yenyewe, na huivuta dunia kwa nguvu kuliko maji ya upande wa pili, basi maji huinuka pande zote mbili, na Lamu hupita kwenye minuko yote miwili kila siku. Kwa kuwa mwezi nao unasogea, kila kukicha maji huchelewa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua linavuta kwenye mstari mmoja nao, na siku moja au mbili baadaye bamvua huwa limekolea.

Waliolipa bei kubwa kuliko wote kwa kupuuza hesabu hii walifika Shela takriban mwaka 1812. Jeshi la Mazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate lilishuka pale kuiteka Lamu. Watu wa Lamu waliwatokea na kuwarudisha nyuma, na masimulizi ya Lamu yanasema wavamizi walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekaa juu ya mchanga, maji yamekwenda zao. Waliuawa ufuoni. Lamu, ikiogopa kisasi, ikamwendea Sayyid Said wa Oman kuomba ulinzi, naye akatuma liwali, na tangu hapo nguvu za Oman katika pwani hii zikazidi kukua. Ukitembea mchanga ule asubuhi, unatembea mahali ambapo mkondo wa historia ya pwani uligeuzwa na saa chache za maji kupwa.

Turudi kwenye likizo, maana chakula sasa kitangojea sura nyingine. Katika pwani yetu, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi jioni. Kwa hiyo ratiba ya Lamu unaisoma ukiwa Ziwani. Ukitoka nje jioni ukauona mwezi mpevu ukichomoza upande wa Eastleigh jua linapotua, jua kwamba kesho yake ufuo wa Shela utakuwa wazi kuanzia saa mbili hivi hadi saa sita. Fikeni Lamu siku mbili kabla ya mwezi kukamilika, mfanye matembezi ya ufuo siku nne au tano za mwanzo, kila siku mkichelewa kutoka kidogo. Yakija maji mafu, wiki moja baada ya mwezi mpevu, kupwa kutakuwa jioni, tena maji yatashuka mita 1 tu. Asubuhi za siku hizo wapeni Matondoni.

Mkifika Kipungani saa sita msirudi kwa ufuo, unafungwa. Rudini kwa mashua, na mkubaliane na nahodha jana yake, bei na saa. Saa yenyewe iwe nane au baadaye, maji yakiwa yameshaingia kwenye mikoko. Anayekuahidi saa tano, mtafute mwingine, kwa maana wakati huo mashua yake itakuwa imekaa topeni.