Kabla ya Kununua Bloku Kuukuu ya Injini

Rangi mpya juu ya bloku ya Land Rover ya zamani yaweza kuficha ufa. Kwa hiyo tunamshauri mnunuzi adai kuiona ikiwa tupu na imesafishwa, kabla ya kulipa chochote.

Kwanza, linganisha namba iliyogongwa kwenye bloku na ile ya kadi ya gari ilikotoka. Namba iliyopigwa tupa ni sababu tosha ya kuacha kununua.

Pili, paka mafuta ya taa kati ya silinda na kandokando ya matundu ya boliti, pangusa hadi pakauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Ukijitokeza mstari wa unyevu, upo ufa.

Tatu, fundi apime kipenyo cha kila silinda juu, kati na chini. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilitoka kiwandani na kipenyo cha milimita 90.47, nayo hukerezwa hadi kuongezeka takriban milimita 1 tu. Iliyopita kikomo hicho itahitaji silivu, gharama isiyokuwamo katika bei uliyotajiwa.

Mwisho, dai risiti yenye namba ya bloku. Bila risiti hiyo, malalamiko yako yatakosa ushahidi.